Wikimedia Commons Kama Ghala la Picha za Kazi za Shule

Katika kusahihisha kazi za mradi za wanafunzi wa sekondari, maneno ambayo nimeyazungushia duara la kalamu nyekundu mara nyingi kuliko mengine yoyote ni haya mawili: "Chanzo: Google". Google haikuipiga picha ile wala haikuichora. Injini ya kutafuta humwonyesha mtu mahali picha ilipo, kama faharasa inavyomwonyesha msomaji ukurasa wa kitabu, na haina mamlaka ya kumruhusu aichukue. Kwa sababu hiyo, muhula uliopita niliweka sharti darasani kwangu: kila picha itakayoingia katika kazi ya mradi itoke Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha na faili nyingine ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, na mwanafunzi atakayekosa huko anachokitafuta aniandikie kwa ufupi kwa nini amekwenda kwingine na kwa ruhusa gani. Tathmini hii imetokana na muhula huo. Sikuipima huduma hii kwa uzuri wa picha zake. Niliipima kwa swali moja, nalo ni kama inamwezesha kijana wa miaka 15 kujua picha ni ya nani na anaruhusiwa kuifanyia nini.

Sharti hilo lilihitajika kwa sababu wanafunzi wengi, na hata walimu wenzangu kadhaa, huamini kwamba picha isiyo na alama ya hakimiliki haina mwenyewe. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ulioanza mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, hautaki usajili wala alama yoyote. Kazi hulindwa tangu inapotungwa, na ulinzi huo hudumu, kwa kiwango cha chini cha mkataba, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza muda huo hadi miaka 70. Kwa picha za kamera mkataba unaruhusu muda mfupi zaidi, usiopungua miaka 25 tangu picha ilipopigwa, lakini nchi nyingi huzipa muda ule ule wa kazi nyingine za sanaa. Kwa hiyo picha iliyopigwa jana kwa simu na kuwekwa mtandaoni bila neno lolote ina mwenyewe, na mwenyewe huenda akaishi miaka mingine 60.

Jibu ninalopewa kila mara ninapolisema hili ni kwamba "ni kwa ajili ya elimu". Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ni haki kulitazama kwa makini badala ya kulipuuza. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, katika kifungu cha 107, inaitaja elimu waziwazi inapoeleza matumizi ya haki (kwa Kiingereza "fair use", yaani kuitumia kazi ya mtu bila idhini yake kwa sababu inayokubalika kisheria), na inamtaka hakimu apime mambo manne: kusudi la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari yake kwa soko la kazi hiyo. Mkataba wa Berne nao unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu kazi zitumike kama vielelezo vya kufundishia, kwa kadiri inayolingana na kusudi hilo na desturi ya haki, mradi chanzo na jina la mtunzi vitajwe. Nchi nyingine hazina kanuni pana kama ya Marekani. Zina orodha ya ruhusa mahususi, na matumizi yasiyomo katika orodha hayaruhusiwi hata yawe na nia njema kiasi gani. Mwanafunzi anayebandika picha katika daftari la mradi, akalikabidhi kwa mwalimu, na daftari likabaki darasani, kwa kawaida hana la kuogopa. Mambo hubadilika kazi inapotoka mlangoni.

Mfano ninaowasimulia wanafunzi wangu ni kesi iliyotoka katika shule moja ya mji wa Waltrop, Ujerumani. Mwanafunzi aliandaa kazi ya somo la Kihispania, akapakua kutoka tovuti ya usafiri picha ya mji wa Córdoba iliyokuwa wazi kwa kila mtu, bila kizuizi chochote cha kuipakua, akaiweka katika kazi yake na chini yake akaandika jina la tovuti alikoitoa. Kufikia hapo alikuwa amefanya zaidi ya wanafunzi wengi. Kisha kazi hiyo ikawekwa kwenye tovuti ya shule. Mpiga picha alisema kwamba alikuwa ameiruhusu tovuti ya usafiri peke yake, akafungua mashtaka, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 7 Agosti 2018 iliamua kwamba kuipakia upya picha katika tovuti nyingine ni kuifikisha kwa hadhira mpya ambayo mwenye haki hakuifikiria alipotoa ruhusa ya kwanza, na kwa hiyo idhini yake inahitajika. Kama kazi ile ingeweka kiungo tu cha kuelekea kwenye picha, hali ingekuwa tofauti, kwa kuwa picha ingebaki mikononi mwa mwenyewe, naye angeweza kuiondoa wakati wowote.

Ninaipenda kesi hii kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo vijana huyachanganya daima. Kutaja chanzo ni uungwana wa kitaaluma, na mahali pengi ni wajibu wa kisheria pia, lakini si ruhusa. Mtu anaweza kumtaja mwenye mali kwa jina lake kamili na bado akawa ameichukua mali bila kuulizwa. Mwanafunzi wa Waltrop alitaja. Kilichokosekana ni idhini. Wikimedia Commons inastahili kutazamwa kwa uzito kwa sababu humo idhini imekwisha kutolewa kabla mwanafunzi hajafika, na masharti yake yameandikwa mahali anapoweza kuyasoma.

Ghala hili lilifunguliwa tarehe 7 Septemba 2004 chini ya shirika la Wikimedia Foundation, na leo lina faili zaidi ya milioni 100: picha za kamera, michoro, ramani, sauti na video. Sheria yake kuu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Haipokei faili isiyoruhusu kila mtu, hata mfanyabiashara, kuitumia na kuibadilisha, na kazi iliyo mali ya umma, yaani isiyolindwa tena na hakimiliki au isiyowahi kulindwa, lazima iwe hivyo Marekani na pia katika nchi ilikotoka. Haipokei kabisa picha inayotegemea hoja ya matumizi ya haki. Nilipowaeleza wanafunzi jambo hili la mwisho walishangaa, kisha mmoja wao akasema kwa usahihi kwamba matumizi ya haki ni hoja ya mtu anayetumia, katika tendo fulani na kwa sababu fulani, kwa hiyo ghala haliwezi kumgawia kila apitaye. Sikuwa nimepata kulieleza vizuri kiasi hicho.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni ukurasa wa faili. Ukibofya picha hupelekwi moja kwa moja kwenye picha tupu. Unafikishwa kwenye ukurasa wenye maelezo, tarehe, chanzo, jina au lakabu ya mtunzi, na chini yake sanduku la leseni linaloeleza unachoruhusiwa na unachotakiwa kufanya. Kuna pia historia ya faili, inayoonyesha nani aliipakia na lini, na nani aliibadilisha baadaye. Kipo kitufe cha kutumia faili ambacho hukupa maandishi ya utambulisho yakiwa tayari, nawe unayanakili. Kwa mwanafunzi aliyezoea kubonyeza picha na kuihifadhi bila kuona chochote kilichoizunguka, kulazimika kupita katika ukurasa huu ni somo tosha. Nilipolinganisha kazi za muhula huo na za muhula uliotangulia, tofauti ilionekana chini ya kila picha. Mwanafunzi aliyetumia ile picha maarufu ya Dunia iliyopigwa kutoka chombo cha Apollo 17 aliandika: "Dunia kama ilivyoonekana kutoka Apollo 17, 7 Desemba 1972. Mtunzi: NASA. Mali ya umma. Kutoka Wikimedia Commons." Mstari huo una mambo manne ninayoyadai: jina la kazi, mtunzi, mahali ilipotoka na hadhi yake kisheria. Katika kazi ya kidijitali naongeza la tano, kiungo kinachorudi kwenye ukurasa wa faili.

Leseni zenyewe zinahitaji mwalimu, na hapa sikubaliani na wanaosema kwamba ghala linajieleza lenyewe. Nyingi ni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza Desemba 2002. Leseni ya CC BY inadai mtunzi atajwe na mabadiliko yaonyeshwe. CC BY-SA inaongeza kwamba anayeibadilisha kazi na kuisambaza aitoe kwa masharti yale yale. CC0 ni tamko la mtunzi kwamba ameachilia haki zake kwa kadiri sheria inavyomruhusu. Leseni zinazokataza biashara au mabadiliko hazimo katika ghala hili, na huo ni unafuu mkubwa kwa mwanafunzi, kwani hahitaji kujiuliza kama gazeti la shule linalouzwa ni biashara au la.

Swali gumu la muhula lililetwa na msichana aliyetaka mchoro wa moyo. Aliupata ule mchoro wa moyo wa binadamu unaotumika sana, wenye leseni ya CC BY-SA 3.0, lakini majina ya sehemu za moyo yalikuwa kwa Kiingereza na yeye alikuwa akiandika kwa Kiswahili. Akaniuliza kama anaweza kuyafuta na kuandika aota, ventrikali na vali. Anaweza, na leseni imeandikwa ili aweze. Hata hivyo kwa kufanya hivyo ametengeneza kazi iliyotokana na nyingine, kwa hiyo akiichapisha lazima aseme kwamba ameibadilisha na aitoe kwa masharti yale yale ya CC BY-SA. Kama angeuweka mchoro jinsi ulivyo kando ya maandishi yake, insha yake isingebanwa na sharti hilo. Na kama angeukabidhi mchoro uliobadilishwa kwa mwalimu peke yake bila kuusambaza kwa umma, wajibu wa kutoa leseni ile ile usingekuwa umeamka bado. Tulitumia karibu kipindi kizima kwa jambo hili, na sioni kama muda ulipotea, kwa sababu yeye ndiye aliyegundua kwamba michoro mingi ya aina ya SVG (faili za michoro ambazo maandishi yake yanaweza kuhaririwa) katika ghala hili inaweza kutafsiriwa maandishi yake kwa zana ya Wikimedia iitwayo SVG Translate, bila kufuta wala kuchora upya chochote.

Kuna kasoro ambazo msomaji anapaswa kuzijua. Faili hupakiwa na watu wa kujitolea, na yeyote mwenye akaunti anaweza kudai kwamba picha aliyoiiba ni kazi yake mwenyewe. Wapo wahakiki wa kujitolea wanaozifuta faili za namna hiyo, lakini kati ya kupakiwa na kufutwa picha inaweza kuwa imekwisha kuchukuliwa na wengi. Nimewafundisha wanafunzi kutilia shaka picha ndogo mno yenye ubora wa kitaalamu, isiyo na taarifa za kamera ndani ya faili, iliyopakiwa na mtu ambaye hana kazi nyingine ghalani. Wakiwa na shaka wanaitafuta picha kwa kutumia picha yenyewe, kwa TinEye au zana nyingine ya aina hiyo, waone kama ilikuwepo mahali pengine kabla. Wanaandika pia tarehe waliyoipakua, ili faili ikifutwa baadaye wawe na kumbukumbu ya walichokiona. Leseni za Creative Commons za toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2013, zina huruma kwa aliyekosea: akirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu aligundue, ruhusa yake hurudi yenyewe. Matoleo ya zamani hayana huruma hiyo.

Kasoro ya pili ni lugha. Maelezo ya faili nyingi yako kwa Kiingereza au lugha nyingine za Ulaya, kwa hiyo anayetafuta kwa neno la Kiswahili hupata sehemu ndogo tu ya kilichomo. Kwa viumbe nimepata njia nzuri, ambayo ni kutafuta kwa jina la kisayansi: *Panthera leo* humfikisha mtu kwenye simba bila kujali lugha aliyozaliwa nayo. Kwa mada za historia na jamii njia hiyo haipo, na mwanafunzi anahitaji msaada.

Kasoro ya tatu si ya ghala bali ya sheria, nayo ni kwamba leseni hushughulikia hakimiliki peke yake. Sura ya mtu aliyepigwa picha, hasa mtoto au mgonjwa, ina haki nyingine ambazo mpiga picha hawezi kuzigawa. Nembo za kampuni nazo zina sheria zake. Hata NASA, ambayo picha zake kwa kawaida hazina hakimiliki, hairuhusu nembo yake itumike ovyo.

Halafu kuna picha ambazo hutazikuta. Pablo Picasso alifariki mwaka 1973, na katika nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo kazi zake zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2043. Mwanafunzi anayeandika insha juu ya *Guernica*, mchoro wa mwaka 1937, hawezi kuueleza mpangilio wa mwili wa farasi na mwanga wa taa kwa msomaji asiyeuona. Mwanafunzi huyu nilimruhusu atoke nje ya ghala, na maelezo aliyoniandikia yalikuwa sahihi: anauchambua mchoro wenyewe, anaonyesha kwa ukubwa unaotosha uchambuzi tu, anamtaja mchoraji, na kazi haitawekwa mtandaoni. Hapo ndipo ruhusa za kunukuu na kuhakiki zinapofanya kazi yake halisi. Mwingine alitaka picha ya mwanamuziki iwe pambo la jalada la mradi wake, akanihakikishia kwamba ameibadilisha rangi na kwa hiyo ni yake. Nilimweleza kwamba hoja inayofanana na hiyo ilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani, ambako tarehe 18 Mei 2023 majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba kuitoa kwa gazeti picha ya mwanamuziki Prince iliyotengenezwa na msanii Andy Warhol kutokana na picha ya kamera ya mpiga picha Lynn Goldsmith kulikuwa na kusudi lile lile la picha ya awali, hivyo kipimo cha kwanza cha matumizi ya haki hakikuwa upande wa warithi wa kazi za Warhol. Ikiwa Warhol hakusalimika kwa rangi, kijana huyu asingesalimika. Alichagua picha nyingine, yenye leseni.

Baadhi ya wanafunzi walikwenda kwenye huduma nyingine, nami nikazipitia. Openverse, iliyokuwa mtambo wa utafutaji wa Creative Commons kabla ya kuhamia chini ya WordPress, mradi wa programu ya kutengenezea tovuti, mwaka 2021, hutafuta katika maghala mengi kwa pamoja, ya makumbusho na ya wapiga picha, na hutoa utambulisho ulio tayari kunakiliwa. Ni pana kuliko Commons, lakini inaonyesha pia leseni zinazokataza biashara na mabadiliko, na yenyewe inatangaza kwamba haithibitishi leseni ya kila kazi, kwa hiyo safari haiishii hapo. Ni lazima kwenda kwenye ukurasa wa asili. Kwa sanaa ya kale napendekeza makumbusho ya Metropolitan ya New York, ambayo mwaka 2017 yaliachilia picha zipatazo 375,000 kwa CC0, kwa ubora unaoonyesha hata nyufa za rangi. Unsplash ina picha nzuri mno, lakini tangu mwaka 2017 inatumia leseni yake yenyewe isiyodai mtunzi atajwe, na kwa mwalimu anayetaka kujenga tabia ya kutaja watu, huo ni upungufu.

Kwa kipimo nilichokiweka mwanzoni, Wikimedia Commons naipa alama nane kati ya kumi. Mbili nimezipunguza kwa ajili ya lugha na kwa ajili ya leseni ambazo kijana hawezi kuzielewa peke yake.

Wiki ya mwisho ya muhula, yule msichana wa mchoro wa moyo alikuja na picha aliyoipiga mwenyewe kwa simu kupitia darubini ya maabara, ya ganda la kitunguu lenye seli zilizojipanga kama matofali. Alitaka kuipakia ghalani. Tukakaa pamoja mbele ya fomu ya kupakia, akasoma kwamba leseni yoyote atakayoichagua itamruhusu hata mchapishaji wa vitabu kuiuza bila kumlipa, na kwamba leseni hizo hazibatiliki. Aliniuliza kama hakuna chaguo la kukataza biashara. Nikamwambia kwamba leseni hizo zipo duniani, ila ghala hili halizipokei, na kwamba picha ni yake tangu alipoipiga, hata asipoiandikia chochote. Alifikiri siku mbili. Kisha akaja kuniambia kwamba hataipakia kwa sasa, akaiweka katika mradi wake, na chini yake akaandika jina lake mwenyewe, mwaka, na maneno "haki zote zimehifadhiwa".